Mama, kumrudisha mtoto hospitalini si aibu

HUENDA unaingoja siku hiyo kwa hamu, msomaji mpenzi, au tayari umeiona. Daktari anapita asubuhi, anasoma faili, anamtazama mtoto aliyelala kifuani pako, kisha anatamka maneno uliyoyaomba usiku na mchana: "Mama, leo mnaenda nyumbani." Unalia. Muuguzi anacheka. Baba mtoto anapigiwa simu atafute teksi, maana huyu si mtoto wa kupandishwa matatu yenye madirisha wazi.

Leo ninazungumza nawe ambaye mtoto wako alizaliwa kabla ya siku zake kutimia, na sasa umerejea naye nyumbani au unakaribia kurejea. Watu watakupongeza kana kwamba vita vimekwisha. Lakini lango la hospitali si mwisho wa safari. Kuna wiki ambayo mtoto hataongeza hata gramu moja. Kuna usiku atakataa kunyonya. Tena huenda ikakubidi umfunge leso na kumrudisha kule kule mlikotoka. Ikitokea hivyo, nenda. Usingoje kupambazuke.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu mimi nilingoja.

Usiku wa tisa

Mwanangu alizaliwa mwanzoni mwa Juni 2018, mimba ikiwa na wiki 31. Alikuwa na uzito wa gramu 1,450. Tulikaa hospitalini siku 38, kwanza akiwa ndani ya mashine ya joto huku akilishwa kwa mrija wa puani, baadaye akiwa kifuani pangu. Tuliporuhusiwa kwenda nyumbani alikuwa na gramu 1,900, na Nairobi ilikuwa katika ile baridi ya Julai ambayo kila mkazi wa jiji anaifahamu.

Tulipofika mtaani, nyumba ilijaa watu. Akina mama wa chama walileta uji wa wimbi, ndizi na nepi. Mama mkwe alikuwa amesafiri kutoka mashambani na kuku wawili. Tuliombewa, tukaimbiwa, na mama mmoja akanishika mkono akaniambia, "Sasa adui ameaibika."

Usiku wa tisa mtoto hakuamka kunyonya saa tatu. Nilimwamsha. Alivuta mara mbili tatu, kisha akaliachilia titi. Saa sita ikawa vivyo hivyo. Nilimshika nyayo nikazikuta baridi. Nilipomshika tumbo, nalo lilikuwa baridi, ingawa alikuwa chini ya mablanketi mawili.

Nilijua maana yake. Wauguzi walikuwa wametueleza, tena zaidi ya mara moja. Lakini mawazo mengine yalinijia. Nitawaambia nini wale waliokuja kushangilia? Mama mkwe ameshatangaza kijijini kwamba mjukuu amepona. Si wataniona mama asiyejua kulea? Basi nikajidanganya kuwa mtoto amechoka tu. Nikamweka kifuani, nikaketi kitandani hadi alfajiri nikimhesabu pumzi.

Saa kumi na mbili tulikuwa kwenye teksi, na midomo yake ilikuwa imepoteza rangi. Alikutwa na maambukizi katika damu, akalazwa siku 12. Daktari hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mama, alianza saa ngapi?" Nilipomjibu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Siku nyingine uje saa hiyo hiyo."

Mwanangu alipona. Leo ni mwanafunzi wa shule ya msingi na hakuna kiatu kinachomaliza muhula miguuni pake. Hata hivyo, zile saa tisa nilizongoja kwa kuogopa macho ya watu sijazisahau. Ndiyo maana ninakuandikia.

Kwa nini hurudi nyuma

Mtoto huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati iwapo mimba haijatimiza wiki 37. Si jambo la ajabu wala la laana. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba mwaka 2020 pekee watoto milioni 13.4 walizaliwa hivyo ulimwenguni, yaani karibu mtoto 1 katika kila 10.

Wako wanaosema kuwa mtoto wa miezi saba huishi na wa miezi minane hufa. Usiyasikilize hayo. Kila wiki anayoipata tumboni humwongezea nguvu, kwa hivyo wa miezi minane ana nafasi nzuri zaidi kuliko wa miezi saba.

Anapotoka mapema, mtoto hukosa mambo kadha ambayo wenzake hupata katika wiki za mwisho. Hajawekewa mafuta ya kutosha chini ya ngozi, kwa hivyo joto humtoka upesi. Hajapokea kinga yote ambayo mama humpa mwanawe hasa katika miezi mitatu ya mwisho, kwa hivyo homa ndogo ya mtu mzima huweza kuwa ugonjwa mkubwa kwake. Pia kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio ni kazi ambayo mtoto huanza kuiweza mimba inapokaribia wiki 34. Kwake yeye kunyonya ni kama wewe kupanda mlima ukiwa na gunia mgongoni.

Ukiyajua haya hutasema, "Nimekosea wapi?" kila anaporudi nyuma hatua moja. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kifua chako ndicho mashine

Mwaka 1978, katika jiji la Bogotá nchini Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikabiliwa na wadi iliyofurika watoto wadogo kuliko mashine zilizokuwapo. Aliwaambia akina mama wawabebe watoto vifuani, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu abebavyo mwanawe. Wengine waliiona kuwa ni njia ya maskini. Leo WHO inaipendekeza kwa watoto wote waliozaliwa kabla ya wakati au wakiwa na uzito mdogo, kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba watoto waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walipungukiwa na vifo kwa robo, wakilinganishwa na wale waliosubiri kwanza hali zao zitulie.

Usiiache njia hii kwa sababu mmefika nyumbani. Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu. Mweke wima katikati ya matiti, miguu ikiwa imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande ili pua isizibwe. Mfunge kwa leso, kisha vaa sweta au blanketi juu yenu nyote wawili. Ukichoka, baba achukue zamu. Kifua cha baba nacho kina joto, na nyanya pia anaweza. Endelea hadi mtoto mwenyewe aanze kusukuma na kukataa kukaa humo. Hiyo ni dalili kwamba sasa ana joto lake.

Jambo moja nakuomba sana. Usiingize jiko la makaa chumbani ili kumpasha mtoto joto. Gesi ya makaa haina harufu wala rangi, nayo imeua watu wazima usingizini, sembuse mtoto wa kilo mbili. Chupa ya maji moto nayo imeunguza wengi.

Kunyonya na mizani

Mtoto huyu hatakuambia kwamba ana njaa. Wenzake hulia, yeye hulala. Ukisubiri alie, atakuwa tayari ameishiwa nguvu. Mwamshe kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku.

Akinyonya kidogo na kuchoka, kamua maziwa umpe kwa kikombe kidogo kilichochemshwa. Mketishe, gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wake wa chini na umwache arambe mwenyewe. Usimmiminie, asije akapaliwa. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa hadi saa nne nje ya friji ikiwa chumba hakina joto kali. Ukiona maziwa yanapungua, jibu lake ni kukamua mara nyingi zaidi, hata mara nane kwa siku, pamoja na kula, kunywa na kupumzika.

Umuhimu wa maziwa ya mama kwa watoto hawa ndio uliofanya Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ifungue mwaka 2019 benki ya kwanza nchini ya maziwa yanayotolewa na akina mama wengine. Usimpe maji, glukosi wala maziwa ya ng'ombe kwa shauri la jirani. Iwapo daktari amekuandikia maziwa ya kopo, pima maji na unga kama ilivyoelekezwa. Ukizidisha maji ili kopo lidumu, mtoto atashiba bila kulishwa.

Mpeleke kliniki akapimwe uzito kila wiki mwanzoni, au mara nyingi zaidi ukiambiwa. Mtoto wa uzito huu hutarajiwa kuongeza gramu 15 hivi kwa siku kwa kila kilo aliyo nayo. Wa kilo mbili basi aongeze kama gramu 30 kwa siku, yaani gramu 200 hivi kwa wiki. Haba na haba hujaza kibaba. Mizani ikisimama wiki moja, usiogope kumwambia muuguzi ukweli kuhusu anavyonyonya na unavyolala. Mizani haikuhukumu wewe. Inauliza swali tu, na jawabu lake hupatikana kliniki.

Ukiona haya, ondoka

Sasa tufike penye kiini cha mazungumzo yetu. Kata sehemu hii uibandike ukutani ukitaka. Mpeleke mtoto hospitalini saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku wa manane, iwapo:

Anakataa kunyonya, au ananyonya kidogo sana kuliko kawaida yake mara mbili mfululizo.

Amelegea na haamki, au anajinyoosha tu unapomgusa.

Anapumua mbio, mara 60 au zaidi kwa dakika moja ukihesabu akiwa ametulia, au mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, au anakoroma kwa taabu.

Anasita kupumua kwa sekunde 20 au zaidi, au midomo na ulimi vinageuka rangi ya samawati. Kusita kidogo kwa sekunde tano hadi kumi kisha kupumua haraka ni kawaida kwa watoto hawa, lakini ukiwa na shaka, mpeleke.

Tumbo na nyayo ni baridi na hapati joto hata akiwa kifuani, au ana joto jingi. Ukiwa na kipimajoto, chini ya 35.5 au kuanzia 37.5 ni hatari.

Anatetemeka kwa degedege.

Macho au ngozi inageuka manjano, hasa viganja na nyayo.

Kitovu kinatoa usaha, tumbo limevimba, au anatapika majimaji ya kijani.

Njiani mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, wala usimtie kwenye kikapu au gunia la mablanketi. Chukua kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Ukifika usikae kwenye foleni kimya kimya. Mwambie mtu wa kwanza aliyevaa sare: "Mtoto wangu alizaliwa kabla ya wakati, na tangu saa fulani hanyonyi." Maneno hayo mawili, kuzaliwa kabla ya wakati na kutonyonya, mhudumu wa afya anayaelewa.

Jitayarishe mapema. Nyumbani kwetu, tangu siku ile, kulikuwa na mkoba karibu na mlango: nepi, leso mbili, kijitabu, na bahasha yenye nauli ya usiku ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa hata unga ulipokwisha. Nambari za madereva wawili zilikuwa zimeandikwa ukutani kwa kalamu ya wino mzito. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maneno ya watu

Wageni wanakuja kwa upendo, nami sisemi uwafukuze. Lakini wiki za kwanza mtoto asipitishwe mikononi mwa watu kumi. Anayekohoa angoje. Anayeingia anawe mikono kwa sabuni. Asibusiwe usoni, na wavutaji sigara wavutie mbali. Ukiona vigumu kuyasema haya mbele ya wakubwa, mwachie baba mtoto ayaseme, au useme, "Daktari ametukataza." Hakuna mama mkwe aliyewahi kugombana na daktari ambaye hayupo.

Wengine watakulinganishia watoto. "Wa fulani wamezaliwa mwezi mmoja, mbona yeye anaketi?" Hapo kumbuka kwamba mtoto wako ana siku mbili za kuhesabia. Chanjo huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa. Kukaa, kutambaa na kutembea huhesabiwa tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Kama alikuja miezi miwili mapema, basi akiwa na miezi minane mtazame kama wa miezi sita.

Usikose pia miadi ya macho ikiwa alizaliwa kabla ya wiki 32 au akiwa na uzito usiozidi kilo 1.5. Hupimwa karibu wiki nne baada ya kuzaliwa, hata kama kwa nje macho yanaonekana safi, kwani mishipa ya ndani ya jicho huweza kukua vibaya bila mtu kujua. Likigunduliwa mapema, tatizo hilo hutibika. Uliza vilevile kuhusu dawa ya kuongeza madini ya chuma, na umwachie daktari apime kiasi.

Wewe nawe, na baba yake

Hakuna aliyeniambia kwamba mwili wangu ungetoka hospitalini lakini moyo ungebaki wadini. Kwa wiki kadha nilisikia milio ya zile mashine hata nikiwa jikoni. Nilimwamsha mtoto aliyelala vizuri ili nihakikishe anapumua. Ukijikuta unalia kila siku, hupati usingizi hata mtoto akilala, humwonei mtoto hisia yoyote, au unawaza kwamba afadhali usingekuwapo, huo si udhaifu wala si kukosa imani. Ni ugonjwa unaotibika, na muuguzi wa kliniki ndiye wa kwanza kuambiwa.

Nawe baba, ukisoma ukurasa huu kwa siri nyuma ya habari za michezo, sikiliza. Sheria ya ajira ya mwaka 2007 inampa baba likizo ya wiki mbili, na mama miezi mitatu. Siku 38 za likizo yangu ziliishia wadini kabla hata sijakanyaga nyumbani. Zungumzeni mapema na mwajiri. Usiku wakati wa zamu yako, mbebe mtoto ili mwenzako alale saa nne bila kuamshwa. Na akikuambia, "Sipendi anavyoonekana," usimjibu kwamba ana wasiwasi mwingi. Tafuta viatu.

Mwisho, mama, nakurejesha kwenye ule usiku wa tisa. Wale majirani niliowaogopa walinifanya nini niliporudi hospitalini? Hawakunicheka. Walichanga nauli. Mmoja alilala na watoto wangu wakubwa. Mama mkwe alikuja wadini na chupa ya uji, akavua sweta na kuuliza, "Zamu yangu ni saa ngapi?" Akambeba mjukuu wake kifuani hadi jioni.

Tuliporuhusiwa kwa mara ya pili hakukuwa na nyimbo wala kuku. Alikuwa na kilo mbili na gramu 100. Niliuweka mkoba mahali pake karibu na mlango, nikaihesabu ile nauli, nikamfunga mtoto kifuani na kulala.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.